KURUDI MLIMANI: NI NINI HUWARUDISHA WATU NYERI?

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili

Waliosema tembea uone hawakukosea hata kidogo. Sisi tuliozaliwa Leparua tunauona Mlima Kenya tangu tukiwa wadogo. Asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, unauona umesimama kule kusini, kilele kikiwa kimechongoka kama jino. Ifikapo saa tatu au nne umeshajificha. Tunauona hivyo kila siku, lakini wengi wetu hatukuwa tumewahi kuuzunguka kuona upande wa pili. Ndipo mwalimu mlezi wa chama alipotangaza kwamba safari ya mwaka ingekuwa ya kwenda Nyeri, na bwenini hakukulalika.

Tulipofika Nyeri tulipelekwa kwanza kwenye makaburi ya zamani yaliyo karibu na Kanisa la Mtakatifu Petro. Mwenzetu mmoja wa kidato cha kwanza alisimama mbele ya kaburi la mzungu mmoja maarufu, akakuna kichwa, kisha akauliza kwa sauti: "Mwalimu, mbona huyu asizikwe kwao? Kwani hakuwa na kwao?" Sote tukacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Hilo ni swali zuri. Katibu, ukaliandikie makala katika jarida letu."

Basi hii ndiyo makala yenyewe. Nitaeleza habari za watu waliofika katika mji huu wa mlimani wawili wawili, mume na mke, wakaondoka, kisha wakarudi. Nitaeleza pia habari za wale ambao hawakupata nafasi ya kurudi. Na mwisho nitarudi nyumbani Leparua, kwa sababu jambo hili linatuhusu kuliko nilivyodhani nilipokuwa nikipanda gari.

Mji wenyewe na baridi yake

Kutoka Isiolo, barabara inapanda. Unapita njia panda ya kwenda Meru, unafika Timau ambako watu wanavaa makoti mchana, unashuka Nanyuki ambako mstari wa ikweta unapita, kisha Naro Moru, Kiganjo, mpaka Nyeri. Kutoka Isiolo hadi Nanyuki ni kilomita 80 hivi, na kutoka Nanyuki hadi Nyeri ni kama 60. Si mbali. Lakini ukitoka kwetu na shati moja utajuta.

Kwa nini baridi, ilhali tuko kwenye ikweta ile ile? Jibu lake tulifundishwa katika Jiografia, ila mtu huelewa vizuri zaidi akianza kutetemeka. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Mji wa Isiolo uko kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari, Nyeri ni zaidi ya mita 1,700, na Timau inapita mita 2,000. Kilele cha Batian, ambacho ndicho kirefu kupita vyote vya Mlima Kenya, kimefika mita 5,199. Huko juu maji huganda hata kama jua la ikweta liko utosini.

Mvua nayo ina mambo yake. Upepo kutoka Bahari ya Hindi huja umebeba unyevu. Ukigonga mlima hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu ule hugeuka kuwa mvua. Kwa hiyo miteremko ya mashariki na kusini hupata mvua nyingi, chai na kahawa zikasitawi. Upepo ukishavuka upande wa kaskazini huwa umekwisha kumwaga mzigo wake. Kaskazini huko ndiko tuliko sisi. Tusiulaumu mlima lakini, maana ule ule unaotunyima mvua ndio unaotuletea mito. Hilo nitalirudia.

Nyeri imekaa kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Waingereza walianzisha kituo chao hapo mwaka 1902, wakakuta nchi ya Wakikuyu yenye rutuba, baridi ya kupendeza na mbu wachache. Yaliyofuata mnayajua kutokana na somo la Historia: ardhi nzuri ikatwaliwa na walowezi, na wenyewe wakasukumwa pembeni.

Desturi iliyotoka India

Jambo moja nililojifunza katika kuandika makala hii ni kwamba mambo hayo hayakuanzia kwetu. Waingereza walipoitawala India walishindwa na joto la tambarare. Kila kiangazi kilipofika walipanda milima ya Himalaya, wakajenga miji midogo ya kukimbilia: Shimla, Mussoorie, Darjeeling, Nainital. Shimla ilifanywa hata kuwa makao makuu ya serikali wakati wa joto kuanzia mwaka 1864. Hebu fikiria serikali nzima, na makarani na mafaili yake, ikipanda mlima kila mwaka kwa sababu ya jua! Hadi leo miji ile hujaa watalii, na wengi ni Wahindi wenyewe, wake kwa waume, wanaorudi mahali walipokwenda fungate.

Wajerumani nao walipoitawala Tanganyika walifanya vivyo hivyo. Walijenga mji katika milima ya Usambara wakauita Wilhelmstal, ambao leo tunauita Lushoto. Nyeri, kwa hiyo, ni ndugu wa Lushoto na binamu wa Nainital. Undugu huo wa mwisho si maneno yangu ya kupamba tu, kama mtakavyoona hapa chini.

Wa kwanza: Baden-Powell na Olave

Kaburi lililomshangaza mwenzetu ni la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Maskauti wa shule yetu walisimama wima, wakapiga saluti ya vidole vitatu, na sisi wengine tukabaki tukitazamana.

Huyu bwana alizaliwa tarehe 22 Februari 1857. Alikuwa mwanajeshi, na lazima tuseme ukweli wote: alipigana katika vita vya kuwatiisha Waafrika, Ashanti kule Afrika Magharibi na Matabele katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Umaarufu wake ulitokana na kuzingirwa na Makaburu huko Mafeking, Afrika Kusini, kati ya mwaka 1899 na 1900. Baadaye alibadili mkondo. Mwaka 1907 aliwapeleka wavulana kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, na kutokana na kambi hiyo Skauti ikazaliwa, ikaenea dunia nzima.

Mwaka 1912 alikutana na Olave Soames wakiwa katika meli. Yeye alikuwa ana miaka 54 akielekea 55, na binti alikuwa hajatimiza 23. Jambo la ajabu ni kwamba siku yao ya kuzaliwa ilikuwa moja, 22 Februari. Walioana mwaka huo huo. Mwaka 1930 Olave akawa Mkuu wa Girl Guides wa dunia.

Sasa tuje kwenye safari zao. Nyeri kulikuwa na hoteli iitwayo Outspan, iliyoanzishwa na Eric Sherbrooke Walker pamoja na mkewe Bettie. Huyu Walker zamani alikuwa katibu wa Baden-Powell. Mwaka 1935 mzee na mkewe walipita Kenya, wakafika kumwona rafiki yao. Wakakaa, wakatazama mlima, wakapumua ile hewa. Wakaondoka. Lakini moyo ulikuwa umebaki. Mzee aliandika baadaye kwamba kadiri mtu anavyokaribia Nyeri ndivyo anavyokaribia raha kamili.

Mwaka 1938, afya yake ikiwa imedhoofika, walirudi. Safari hii hawakuja kutembea. Walijengewa nyumba ndogo katika uwanja wa Outspan, wakaipa jina Paxtu. Jina hilo lina mchezo wa maneno ndani yake. Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill, na neno pax kwa Kilatini ni amani. Ukilitamka Paxtu kwa Kiingereza linasikika kama "Pax ya pili" na pia "Pax ya wawili". Wapenzi wa fumbo na methali hapo mtapata la kutafakari.

Tuliingia katika nyumba hiyo, ambayo imefanywa makumbusho ya Maskauti. Ni ndogo kuliko nilivyotarajia. Kumejaa bendera na skafu zilizoletwa na vijana wa nchi nyingi. Hapo ndipo mzee alipokaa miaka yake ya mwisho akiandika vitabu na kuchora ndege na wanyama. Alifariki tarehe 8 Januari 1941 akiwa na miaka 83, akazikwa mahali ambapo mlima unaonekana.

Olave alirudi Uingereza mwaka 1942, akaendelea na kazi ya Guides kwa miaka mingi, akizunguka dunia. Alifariki tarehe 25 Juni 1977. Mwili wake ulichomwa, na majivu yake yakaletwa Nyeri, yakawekwa katika kaburi la mumewe. Miaka 36 ilikuwa imepita. Hiyo, wenzangu, ndiyo safari yake ya mwisho ya kurudi.

Juu ya jiwe la kaburi kuna duara lenye nukta katikati. Maskauti walitueleza kwamba ni alama ya njiani. Skauti akiiacha porini, wenzake wanaomfuata wanajua maana yake: nimekwenda nyumbani. Hapo yule wa kidato cha kwanza akapata nusu ya jibu lake. Mzee aliamua mwenyewe kwamba hapa ndipo nyumbani.

Jirani aliyetoka Himalaya

Hatua chache kutoka hapo kuna kaburi jingine. Ni la Jim Corbett, na huyu ndiye anayetuunganisha na Himalaya. Alizaliwa mwaka 1875 katika mji wa Nainital, mji wa ziwa na misitu, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Alikuwa mwindaji hodari wa simba marara, wale wa India, na aliitwa na wanavijiji kila mara mnyama alipoanza kula watu. Huyo wa kwanza aliyemuua, mwaka 1907, anasemekana alikuwa amewaua watu zaidi ya 400. Uzeeni Corbett aliacha kuwinda kwa bunduki, akawa mpiga picha na mtetezi wa wanyama. India ina hifadhi ya taifa yenye jina lake.

India ilipopata uhuru mwaka 1947, Corbett na dada yake Maggie waliuza nyumba yao Nainital wakahamia Nyeri. Na mnajua walikaa wapi? Katika nyumba ile ile ya Paxtu! Mtu aliyezaliwa katika mji wa mlimani wa Himalaya akaja kumalizia siku zake katika mji wa mlimani wa Kenya, ndani ya nyumba yenye jina la amani. Alifariki Aprili 1955. Hakuzikwa kwao.

Wa pili: Elizabeth na Philip

Nje kidogo ya mji, ndani ya msitu wa Nyandarua, Walker yule yule wa Outspan alijenga mwaka 1932 kibanda juu ya mti mkubwa wa mugumo, watu wakae humo usiku watazame tembo na vifaru wakija kunywa maji. Akakiita Treetops.

Mwanzoni mwa Februari 1952, binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alifika Kenya pamoja na mumewe Philip. Walikuwa vijana, yeye miaka 25 na mumewe 30. Walikaa Sagana, katika nyumba waliyopewa na koloni la Kenya kama zawadi ya arusi. Usiku wa tarehe 5 walilala Treetops. Corbett, wakati huo mzee wa miaka 76, alikuwapo usiku huo akiwalinda. Usiku huo huo, kule Sandringham, Mfalme George wa Sita akafariki usingizini. Elizabeth hakujua. Alishuka mtini asubuhi, wakarudi Sagana, na huko ndiko Philip alikompasha habari kwamba babake amefariki na kwamba yeye sasa ndiye Malkia. Safari ikakatizwa palepale.

Miaka 31 ikapita. Novemba 1983, Malkia na mumewe walirudi Kenya, nchi iliyokuwa huru kwa miaka 20, wakafika tena Treetops. Lakini Treetops waliyoikuta haikuwa ile. Ile ya kwanza ilichomwa na wapiganaji wa Mau Mau mwaka 1954, na nyingine kubwa ikajengwa upande wa pili wa dimbwi mwaka 1957. Ile nyumba ya Sagana nayo ilikuwa imekwisha kuwa mali ya serikali ya Kenya. Mti haukuwapo, nyumba si yao, na wao wenyewe walikuwa watu wazima wenye wajukuu. Nilijiuliza walipotazama lile dimbwi walikuwa wakitafuta nini. Anayerudi mahali hakuti kamwe kile alichokiacha. Hukuta mahali, basi.

Wasiorudi

Hapa mwalimu wetu alituketisha kwenye nyasi. Alisema kwamba mgeni akija Nyeri huonyeshwa makaburi na hoteli, akadhani amemaliza mji. "Sasa niwaulize," akasema, "Kimathi amezikwa wapi?"

Kimya.

Dedan Kimathi alizaliwa mwaka 1920 Tetu, hapo hapo Nyeri. Mtoto wa nyumbani. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, miezi minane tu baada ya binti mfalme kushuka mtini, vijana waliingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kudai ardhi na uhuru. Kimathi akawa kiongozi wao mkuu. Mlima ule ule ambao wageni waliupenda kwa mandhari, wao waliupenda kwa sababu uliwaficha. Huko nyuma, zaidi ya watu milioni moja walitolewa katika nyumba zao wakakusanywa katika vijiji vyenye ulinzi na mahandaki, ili wapiganaji wakose chakula. Kwa hiyo wakati Corbett akikaa Paxtu kwa amani, mama wa Nyeri alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda shambani mwake mwenyewe.

Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Alizikwa humo gerezani mahali pasipowekwa alama. Hakuna duara wala nukta.

Mkewe, Mukami Kimathi, naye aliwekwa kizuizini wakati wa vita. Aliishi miaka 66 baada ya mumewe kunyongwa. Miaka hiyo yote, serikali baada ya serikali, aliomba jambo moja: aonyeshwe mifupa ya mumewe aizike kwa heshima. Mwaka 2007 sanamu ya Kimathi ilisimamishwa Nairobi, katika barabara yenye jina lake. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya wakati ule, ikakubali kuwalipa fidia zaidi ya wazee 5,000. Lakini mifupa haikutolewa. Mukami alifariki Mei 2023 akazikwa Njabini, Nyandarua, peke yake.

Wenzangu, nawaomba muweke mambo haya mawili pamoja. Olave alifariki maelfu ya kilomita kutoka hapa, akaletwa akalala na mumewe. Mukami alifariki katika nchi yake, na mumewe yuko umbali wa safari ya saa chache tu kwa matatu, hawakukutanishwa. Sisemi hivi ili tumchukie Olave. Alimpenda mumewe, na kumpenda mume si kosa. Nasema hivi kwa sababu yule wa kidato cha kwanza aliuliza kama mzungu hakuwa na kwao. Swali lililobaki ni la pili: mbona mwenye kwao asizikwe kwao? Swali hilo tulishindwa kulijibu, na mwalimu pia.

Babu na nyanya yangu

Niliporudi nyumbani wakati wa likizo, nilimsimulia babu yote hayo. Alisikiliza akichonga fimbo. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo wazungu hao walienda mlimani mara ya pili kwa sababu walipapenda tu?"

Nikamwambia ndiyo, babu.

Akatazamana na nyanya, wakacheka. Kisha nyanya akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na hapa nalitafsiri kutoka lugha ya nyumbani. Mwaka 1984, kiangazi kile kikubwa, walikuwa wameoana karibuni. Malisho yalipokwisha Leparua, walichukua ng'ombe wakaelekea mlimani, wakitembea usiku na kupumzika mchana. Walikaa huko miezi, wakilala chini ya turubai kwa baridi ambayo hawakuwa wameijua. Waliondoka na ng'ombe 60, wakarudi na 19. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa huko huko.

Ukame wa 2020 hadi 2022 ulipokuja, mvua ikakosekana msimu baada ya msimu, wakalazimika kurudi njia ile ile. Mimi nilikuwa shuleni, niliambiwa tu kwamba wamehamisha mifugo. Nyanya alisema hakuitambua njia. Mahali walipopita 1984 sasa pana ua wa waya. Vijito walivyonyweshea vilikuwa vyembamba, vingine vikavu. Tena weupe wa kilele, ambao zamani ulionekana hata kutoka Leparua kama kilemba, ulikuwa umebaki viraka.

"Wewe ulienda mlimani kutazama kaburi," nyanya akaniambia. "Sisi tulienda ili tusichimbe kaburi."

Nyanya hakwenda shule, lakini aliyoyaona ndiyo yanayosemwa na wanasayansi. Mzungu wa kwanza kufika kilele cha Batian, Halford Mackinder, alipanda mwaka 1899. Wakati huo mlima ulikuwa na barafu 18 zilizokuwa zikiteremka mabondeni. Nyingi zimetoweka kabisa, na ile kubwa iitwayo Lewis imepoteza sehemu kubwa mno. Hata hivyo tusikosee: maji yetu mengi hayatoki katika barafu. Yanatoka katika msitu unaozunguka mlima. Msitu hupokea mvua na ukungu, huyashika maji ardhini kama sifongo, kisha huyaachia polepole wakati wa kiangazi. Mto Naro Moru, Nanyuki, Timau na vinginevyo huingia Ewaso Ng'iro, ambao unapita kaskazini mpaka Archers Post na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Mto Isiolo nao unatoka miteremko hiyo hiyo. Msitu ukikatwa, au maji yakivutwa kwa mabomba yote huko juu, anayekaa chini hunywa vumbi. Miaka ya kiangazi kikali, sehemu za chini za Ewaso Ng'iro zimewahi kukauka kabisa.

Sasa jibu

Ni nini, basi, huwarudisha watu mlimani? Nimepata majibu matatu. Wa kwanza hurudi kwa sababu walipata raha, nao wana uwezo wa kuifuata raha: ndio akina Baden-Powell. Wa pili hurudi kwa sababu maisha yao yalibadilika hapo, wanataka kupaona tena pale palipogawanya jana na leo: ndio Elizabeth na Philip. Wa tatu hurudi kwa sababu wakikaa mahali pao watapoteza kila kitu: ndio babu na nyanya, na pengine wazazi wako wewe unayesoma. Na wako wa nne, wasioweza kurudi hata wakiombewa miaka 66.

Wageni watakaokuja kesho kutoka Nairobi au ng'ambo wataupanda mlima wapige picha. Karibuni, biashara ni nzuri. Lakini mtu akikuuliza mlima huu ni wa nani, usiseme ni wa wageni, wala usiseme ni wa watu wa Nyeri peke yao. Upande wake wa mvua uko kwao, na maji yake yanatufikia sisi. Kwa hiyo mti unaokatwa Nanyuki unatuhusu Leparua, hata kama hatukuusikia ukianguka.

Chama cha Kiswahili kimeamua kwamba safari ijayo hatutaenda kuona makaburi tu. Tutafuata Mto Isiolo kwa miguu, kutoka mjini kuelekea chemchemi, kadiri tutakavyoruhusiwa, na kila mwanachama ataandika alichoona. Babu amekubali kutuongoza sehemu ya njia. Ameweka sharti moja tu, kwamba tusimwendeshe haraka, kwani safari hii, amesema, anataka kuutazama mlima pasipo ng'ombe wa kuhesabu.

Nyanya naye amesema atakuja.